Geti Hugeuzwa, Meli Haigeuzwi: Kumlea Kijana wa Shika Adabu katika Kazi ya Kuchomelea

Wazazi wangu, mafundi wa karakana, na vijana mliokuja kusikiliza,

Kijana wetu wa Shika Adabu, hapa Likoni, hakosi mahali pa kushika rodi. Karakana za mageti na madirisha zipo barabarani, na fundi mwenye moyo humpokea bila maswali mengi. Anachokosa ni mtu wa kumvusha kutoka geti hadi meli, tangi na daraja, ilhali kazi hizo zimemzunguka. Mtongwe kuna kambi ya jeshi la majini. Ng'ambo, kisiwani Mombasa, kuna gudi la kampuni ya African Marine. Dongo Kundu imetengwa kuwa eneo maalum la kiuchumi. Kule Kisumu, Kenya Shipyards imeunda meli ya MV Uhuru II.

Geti hulazwa chini, na upande mmoja ukiisha hugeuzwa. Meli haigeuzwi. Mshono wa ubavuni huchomwa wima, na wa chini ya tumbo huchomwa ukiwa juu ya kichwa cha fundi, chuma kilichoyeyuka kikitaka kumdondokea. Rodi nazo si zile zile. Za geti mara nyingi ni 6013, ambazo ni stahamilivu. Kazi nzito hutaka 7018, na hizo zikinyonya unyevu huingiza haidrojeni ndani ya mshono, ukaja kupasuka baadaye hali juu ulionekana mzuri. Kwa hewa yetu ya pwani, pakiti iliyoachwa wazi rafuni haifai tena kwa kazi hiyo. Rodi hizo hutunzwa kwenye oveni. Kijana anaweza kuchomelea mageti miaka mingi asiyajue haya.

Kwa hiyo naomba jambo dogo. Jioni kazi ikipungua, fundi asimamishe vipande viwili vya chuma chakavu, amwache kijana achome wima, kisha waukate mshono kwa grainda wautazame ndani. Kijana akiona matundu kwa macho yake, huelewa kuliko kwa kukaripiwa. Na nikisema kijana, nasema binti pia.

Mzazi anayetaka kusaidia hukimbilia kununua mashine. Mashine ingoje. Aanze na kofia ya kuchomea yenye kioo cha namba 10 au 11, glavu za ngozi na viatu vilivyofunika mguu. Miwani ya jua haitoshi: mwanga wa kuchomelea huunguza jicho mchana, na usiku kijana halali, macho yanakwaruza kama yametiwa mchanga. Mabati yakichomwa hutoa moshi wa zinki unaoleta homa, na kunywa maziwa si kinga. Kinga ni kukwangua zinki kwenye mabati kwanza na kufanyia kazi penye hewa. Pipa lililowahi kutiwa petroli lisiguswe na moto kabisa, hata likionekana kavu.

Linabaki suala la cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hupima mafundi kwa vitendo, kuanzia daraja la tatu, la pili, hadi la kwanza, na aliyejifunzia karakanani naye hupimwa. Bila karatasi hiyo, mkono mzuri huishia langoni mwa kampuni.

Mafundi mlio hapa, kila mmoja achukue kijana mmoja. Andikianeni na mzazi wake atajifunza nini na kwa muda gani, na mwandikisheni mtihani wa daraja la tatu mara tu mshono wake wa wima utakaposimama.