Maneno Machache kwa Aanzaye Mbio Ndefu



Nimetakiwa kunena juu ya mbio ndefu, kwa kuwa wengi wetu tuketio mezani tangu asubuhi hata jioni twatamani kuanza, walakini twaogopa gharama. Neno langu ni moja: fedha iende katika viatu, mengine karibu yote yamo nyumbani.

Wako wasemao, "Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Rome mwaka 1960 kwa miguu mitupu, viatu vya nini?" Ni kweli, alizikimbia kilometa 42 na mita 195 pekupeku. Lakini nyayo zake zilikwisha kuzoea, na viatu alivyopata vilimbana. Mwaka 1964, huko Tokyo, alishinda tena, naye amevaa viatu. Basi tujifunze kwake kukikataa kiatu kibanacho. Kanunue jioni, mguu ukiwa umetanuka kidogo, nawe umevaa soksi za kukimbilia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Soksi za pamba hushika jasho na kuleta malengelenge. Afadhali za nyuzi zikaukazo upesi. Fulana nyepesi na kaptula zatosha, na mafuta mazito mapajani huzuia michubuko.

Ama chakula, nguvu ya mkimbiaji hutoka hasa katika wanga, nao tunao: ugali, wali, viazi, ndizi, muhogo. Mlo kamili uliwe muda wa saa mbili au tatu kabla ya kukimbia; akimbiaye alfajiri, ndizi moja yamtosha. Baadaye maharagwe, samaki au maziwa hutengeneza misuli. Kwa mbio zisizopita saa moja, maji matupu yatosha, nayo yanywewe kwa kadiri ya kiu. Anywaye kupita kiasi huizimua chumvi ya damu yake, na jambo hilo limekwisha kuua wakimbiaji.

Mwisho, haraka haraka haina baraka. Majuma ya kwanza changanya kutembea na kukimbia, siku tatu kwa juma. Ukishindwa kuzungumza na mwenzio, punguza mwendo. Mwenye maradhi ya moyo, shinikizo la damu au kisukari amwone daktari kwanza.

Ndugu zangu, haifai tutumike miaka mingi, kisha tupokee kiinua mgongo nasi hatuwezi kupanda ngazi ya kwenda kukichukua.