Mchoro wa Mtoto Usiutupe, Muulize

Hotuba kwa wazazi na walimu wa chekechea na shule za msingi



Malalamiko ninayoyasikia sana ni haya: mtoto ameagizwa manila, gundi na rangi, na nyumbani hata pesa za unga hazijatosha. Mwishowe mzazi anakimbia saiba, kazi inachapishwa, mtoto anapewa alama. Je, amejifunza nini?

Sanaa imo katika Mtaala wa Umilisi ili mtoto atafakari anachofundishwa. Chukueni somo la maji. Mtoto anaweza kukariri kwamba maji yahifadhiwe, akapata vema, na kesho akaacha mfereji wazi. Lakini mpe nafasi ya msimamizi wa kisima katika mchezo wa kuigiza wa dakika 10. Foleni ni ndefu, imebaki ndoo moja, na wanaoitaka ni mama mjamzito na mwenye ng'ombe. Itambidi aamue, tena atoe sababu mbele ya wenzake. Mchezo ukiisha, mwalimu asikimbilie somo lingine. Aulize: Kwa nini uliamua hivyo? Nani aliumia? Ukirudia, utabadilisha nini? Hapo ndipo somo huingia.

Kuhusu gharama, walimu, tuanze na vilivyoko mtaani: udongo wa mfinyanzi, makaa, maganda ya mahindi, vifuniko vya soda na makatoni.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na shughuli za kitamaduni. Kwa hivyo jambo hili linatuhusu kuanzia PP1. Huko mbele, mwanafunzi wa Gredi ya 10 husoma katika mkondo mmoja kati ya mitatu, na mmojawapo ni wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mzazi anayemwambia mwanawe kuwa kuchora ni kupoteza wakati anamfungia mlango huo mapema.

Ombi langu ni dogo. Leo jioni mtoto akikuletea mchoro, weka simu kando. Muulize: Huyu ni nani? Mbona yuko mbali na wenzake? Kisha nyamaza umsikilize. Wakati mwingine mtoto huchora jambo ambalo mdomo umeshindwa kulisema. Likikutia wasiwasi, mwone mwalimu wake.

Na kazi ya mtoto, tumwachie mtoto aifanye, hata ikipinda.