Kabla Hujalipia Mashine ya Mabango Iliyotumika

Msikilizaji wetu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega: harusi, kampeni, Nane Nane pale Nyakabindi, zote zinataka mabango, na mashine mpya ya kuyachapisha ni ghali. Wengi hukimbilia iliyotumika. Si vibaya, ila usinunue kwa picha za WhatsApp.

Nenda ilipo, uikute imezimwa na imepoa. Muuzaji akikutangulia kuisafisha na kuipasha moto, hutaona ugonjwa wake wa asubuhi. Iwashwe mbele yako, kisha uchapishe jaribio la matundu ya wino. Mistari ikikatika, kichwa cha kuchapia kisafishwe mara moja au mbili. Ikiendelea kukatika palepale, huenda kichwa hicho kimeziba kabisa au kimekufa, na hicho ndicho kipuri kinachomaliza mtaji. Halafu chapisha rangi tupu, mita mbili tatu mfululizo. Rangi ikianza vizuri kisha ikafifia, wino haufiki sawasawa. Shuku pampu au mirija. Hapo utaambiwa, "Ni wino tu, bosi." Sawa, aweke mwingine, mwone.

Uliza imekaa muda gani bila kufanya kazi, maana wino hukaukia ndani. Kama inatoka Dar es Salaam, kichwa kifungwe vizuri kabla ya safari. Barabara ni ndefu.

Dai risiti ya EFD. Na tafadhali, usitoe hata malipo ya awali kabla fundi wako, si wa muuzaji, hajaifungua na kuikagua.