Rangi si dawa ya kutu

Ndugu msikilizaji, juma hili nakuomba tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wetu tunakikalia kila siku bila kukitazama, nacho ni fremu ya kiti cha gari. Sina maana ya ngozi wala sponji. Nina maana ya vile vyuma vya chini, ambavyo hubeba uzito wa abiria na ndivyo vinavyotakiwa kumshikilia pale gari linapofunga breki ghafla.

Jambo hili nililishuhudia Gulwe, wilayani Mpwapwa. Kwa wasiopajua, Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Kwa miaka mingi, msafiri wa Mpwapwa aliyekuja kwa treni alishukia hapo, kisha akatafuta gari la kumfikisha mjini. Na katika barabara za vumbi za nchi yetu, gari lililozoeleka kwa kazi ya namna hiyo lilikuwa Land Rover.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 huko Amsterdam. Wakati ule Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, kwa hiyo bodi yake ikaundwa kwa alumini. Hapo ndipo yalipozaliwa maneno kwamba Land Rover haipati kutu. Ni kweli kwa bodi. Lakini chesisi ni chuma, na fremu za viti ni chuma pia. Wengine husema Dodoma ni kukavu, kutu itoke wapi? Wanasahau kwamba gari lile lile huenda lilianzia kazi pwani, kwenye hewa ya chumvi. Wanasahau pia jasho la dereva, maji ya mvua yapitayo mlangoni, na mbuzi wanaosafirishwa siku ya mnada. Vumbi likishalowa, hukaa kwenye kona za fremu na kutunza unyevu huko.

Sasa basi, pale Gulwe, mzee mmoja alikuwa amempelekea fundi kijana Land Rover yake ya zamani ili viti vipakwe rangi. Fremu zilikuwa nyeusi, zinang'aa, kwani fundi mwingine alikwisha kuzipaka huko nyuma. Kijana akachukua bisibisi, akaibonyeza kwenye mguu wa kiti cha abiria. Ikazama.

Mzee akahamaki: "Nimekupa kazi ya kupaka rangi, si ya kutoboa viti vyangu!"

Kijana akajibu kwa adabu: "Shikamoo yako naiheshimu, mzee wangu, lakini hii si fremu tena. Hii ni rangi tu imesimama."

Ndugu msikilizaji, kauli ile ndiyo kiini cha mazungumzo yangu. Rangi haiponyi kutu. Rangi huizuia kutu isiingie, lakini kama imekwisha kuingia, rangi huifunika tu, nayo huendelea kula chuma gizani. Mficha maradhi, kifo humfichua.

Kazi ya haki ina hatua zake. Kwanza kiti king'olewe garini na kuvuliwa sponji na kitambaa. Hapa pana hatari ambayo wengi hawaijui: katika Land Rover fupi za zamani, zile za inchi 88, tangi la petroli liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, yaani chini ya dereva wetu. Anayechomelea fremu ikiwa bado garini anacheza na moto juu ya petroli.

Fremu ikiwa nje, ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma cheupe kionekane. Mabomba yagongwe kwa nyundo ndogo, maana huweza kuoza kwa ndani huku nje yakiwa mazima. Penye maungio patazamwe kama pana ufa. Palipooza pakatwe na kuchomelewa chuma kipya, pasizibwe kwa pati. Kisha fremu ifutwe mafuta kwa tina, na baada ya hapo isishikwe kwa mikono mitupu. Ndipo ipakwe praima ya kuzuia kutu, halafu rangi yenyewe, tabaka jembamba moja baada ya jingine, kila moja likiachwa likauke. Nyuzi za bolti zizibwe zisiingie rangi. Reli za kusogezea kiti hupakwa grisi. Kazi hii isifanyike kwenye jua kali, kwa sababu rangi hukauka juu kabla ya ndani, ikatoa malengelenge. Na katika nchi ya upepo kama Ugogo, ardhi inyunyiziwe maji kwanza vumbi litulie.

Afya ya fundi nayo isisahauliwe. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake si la kuvuta, wala si la kuachwa mahali watoto wanapocheza. Rangi za kuchanganya na hadina nyingi zina kemikali ziwezazo kuleta pumu, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu.

Ukihesabu hatua hizo utaona kwamba kupaka rangi kwenyewe ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Kazi kubwa ni ile ambayo haitaonekana tena ikishakamilika. Na hapa lawama inarudi kwetu sisi wateja. Tukifika gereji tunauliza: "Kupaka rangi bei gani?" Fundi mwaminifu akitaja gharama ya kukwangua, kuchomelea na praima, tunamwita mwizi, tunahamia kwa jirani yake aliye tayari kumaliza kazi kabla ya adhuhuri. Tunalipia mng'aro, hatutaki kulipia msasa. Tukishauziwa mng'aro mtupu, tunalalamika kwamba mafundi wa siku hizi hawana uaminifu. Uaminifu huo tuliukataa wenyewe tulipoambiwa bei yake.

Haya si ya Land Rover za Gulwe peke yake. Hata daladala za mijini zina viti vya mabomba, vilivyofungwa sakafuni kwa bolti, na vingi vimepakwa rangi mara nyingi kuliko vilivyokaguliwa. Gari linapotazamwa, macho huenda kwenye taa, matairi na breki. Ni nani anayeinama kutazama miguu ya kiti?

Ushauri wangu ni mwepesi na hauna gharama. Unapompa fundi fremu yako, mwambie asiipake rangi mpaka uje uione ikiwa tupu. Nenda, ishike, igonge, ibonyeze. Na unaponunua gari lililokwisha kutumika, inua zulia kabla hujasifia rangi. Fundi mzuri atafurahi kuona kazi yake inatazamwa. Yule atakayenuna, mwache na rangi yake.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo.