Dalali ni wa nani: wa mpangaji au wa mwenye nyumba?

Ndugu wasikilizaji, ukipita mitaa ya Dar es Salaam, iwe Sinza, Tabata, Kinondoni au Mbagala, hutakosa kuona kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya umeme au kwenye shina la mwembe: "Dalali. Vyumba, nyumba, fremu, viwanja," na chini yake namba ya simu. Juma hili nimeona tuzungumze habari za watu walio nyuma ya vibao hivyo, maana katika mji huu ni vigumu familia kupata paa la kulalia bila kupitia mikononi mwao.

Ninayo sababu ya kulisemea jambo hili. Nyumba tunayopanga kwa mwaka wa tisa sasa inauzwa, na mwenyewe, ambaye sina ugomvi naye, ametupa miezi mitatu tuondoke. Sisi ni watu saba: mimi na mke wangu, watoto wanne, na mama yangu mzazi ambaye miguu haimruhusu kupanda ngazi. Mtoto wetu wa kwanza yuko kidato cha nne, na mtihani hausubiri mtu ahame. Leo ninapozungumza nanyi tumebakiwa na wiki tano. Katika wiki nane zilizopita nimezunguka na madalali 11, na mengi ya nitakayosema nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza tumtendee haki dalali. Zamani jina hili lilikuwa hasa la mtu wa mnadani, anayenadi mali ya mwingine mbele ya watu na kupata ujira wake. Wa leo anauza habari. Anajua nani anahama Jumamosi, nyumba ipi ina LUKU yake na ipi umeme wake ni wa kuchangia, mwenye nyumba yupi anaishi uani na yupi yuko Mwanza. Kujua hayo ni kazi, na kazi ina malipo yake. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu wapatao milioni 2.5 katika mkoa huu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Mji wa namna hiyo hauwezi kuendeshwa kwa kuulizana msikitini na kanisani peke yake.

Matata yanaanzia kwenye jinsi anavyolipwa. Desturi ya hapa ni kwamba mpangaji humpa dalali kodi ya mwezi mmoja. Tuchukue nyumba ya shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, yaani 1,800,000. Ongeza 300,000 za dalali, inakuwa 2,100,000 kabla hujakodi gari la kuhamishia vitanda. Kama kodi ingekuwa 400,000, dalali naye angepata 400,000. Kwa hiyo mtu ninayemlipa mimi anufaika kodi yangu ikipanda. Fedha ni zangu, lakini masilahi yake yako upande wa pili wa meza.

Isitoshe, dalali halipwi kwa sisi kukaa, hulipwa kwa sisi kuhama. Familia iliyotulia mahali pamoja miaka tisa haimpatii kitu. Ndiyo maana wako baadhi yao wanaomfuata mwenye nyumba wakati mkataba unakaribia kwisha na kumnong'oneza kwamba yupo mteja wa kutoa laki moja zaidi. Mpangaji anaambiwa aongeze au aondoke. Akiondoka, dalali anakula mara mbili: kwa anayeingia, na kwa huyu anayetafuta pengine. Anayehamishwa kila baada ya miezi sita hulipa miezi saba ili akae sita.

Kuna na hela ya kuonyeshwa nyumba, elfu kumi hapa, elfu kumi pale, ambayo hairudi hata nyumba ikiwa imeshachukuliwa tangu juzi. Kuna na mnyororo: unampigia mmoja, anakuja na mwenzake, na huyo mwenzake anatupeleka kwa wa tatu ambaye ndiye hasa anayemjua mwenye nyumba. Siku ya kulipa, wote watatu wamesimama barazani.

Juma lililopita tulionyeshwa nyumba nzuri sana kwa mbali, upande wa bonde la Msimbazi. Vyumba vitatu, sebule, choo cha ndani, uzio, na hakuna ngazi hata moja. Rangi ilikuwa mpya, lakini mpya kutoka sakafuni mpaka kiunoni tu. Juu yake ilikuwa ile ya zamani. Mke wangu aliliona jambo hilo kabla yangu. Hakumwuliza dalali. Alitoka nje akamwendea mama mmoja anayechoma maandazi jirani, wakasalimiana, akanunua ya elfu mbili, kisha akamwuliza habari za masika. Yule mama hakusema mengi. Aliweka mkono kiunoni pake kuonyesha maji yalipofika. Tunayakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu na kufanya waathirika wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande. Dalali yule alijua vizuri, maana ni mzaliwa wa mtaa ule. Lakini katika hesabu yake, nyumba ile isiposema yenyewe, yeye hana mdomo wa kuisemea.

Sasa mnisikilize vizuri, maana sitaki kuwapaka wote matope. Kule Magomeni nimekutana na mzee mwenye kijiwe chake chini ya mwarobaini, benchi moja na daftari moja lililochakaa. Nilimtajia nyumba niliyosikia iko wazi mtaa wa pili. Akatikisa kichwa. "Ile sikuonyeshi, baba. Una watoto na una mzee. Nyuma yake kuna baa, hulali mpaka saa nane za usiku. Ukihamia leo, mwezi ujao utakuja hapa kunitukana mbele za watu." Huyo amekataa ujira kwa mdomo wake mwenyewe. Ni mwema, ndiyo, lakini iko na sababu nyingine ya kufikiriwa. Yeye anaonekana. Benchi lake liko palepale kila siku, mjumbe anamjua, wapangaji aliowaweka wanapita mbele yake wakienda sokoni. Mwenye namba ya simu tu kwenye nguzo, akibadili laini amepotea na kazi yake yote.

Ninafanya kazi na jamaa mmoja aliyelijua hilo kwa gharama kubwa. Alilipa 1,200,000 kwa dalali, akapewa risiti iliyoandikwa kwa kalamu na ufunguo uliofungua mlango sawasawa. Siku ya kuhamia alikuta magari mengine mawili yenye makochi na majiko yamesimama kwenye geti lilelile, kila familia na risiti yake na ufunguo wake. Mwenye nyumba halisi hakuwa anamjua hata mmoja wao. Usiku ule watoto wake walilala kwa shangazi yao, chumba kimoja watu tisa.

Wengine watauliza, serikali ilikuwa wapi? Mwaka 1971 serikali ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa nyumba za watu binafsi ilikuwapo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005, kwa hoja kwamba inawakatisha tamaa wajenzi wa nyumba za kupangisha. Sibishi kwamba nyumba nyingi zimejengwa tangu hapo. Ninachosema ni kwamba mpangaji aliachwa ajadiliane bei peke yake, na mshenga wake ni mtu ambaye anafaidi bei ikiwa kubwa.

Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria ya mawakala wa nyumba mwaka 1984, ikaunda bodi ya kuwasajili. Sidai kwamba sheria imemaliza utapeli huko. Lakini aliyetapeliwa na wakala aliyesajiliwa anayo mahali pa kuanzia kulalamika. Hapa kwetu tungeweza kuanza na jambo dogo zaidi: ofisi ya serikali ya mtaa iwe na daftari la madalali wa mtaa huo, jina, picha na mahali anaposhinda. Mzee wangu wa Magomeni hataogopa daftari hilo. Atakayeliogopa tutamjua.

Wakati tunangoja, ndugu msikilizaji unayetafuta nyumba, shika haya machache. Kodi usimkabidhi dalali. Mlipe mwenye nyumba mwenyewe, ikiwezekana kupitia benki, na dalali apate chake baada ya mkataba kusainiwa. Mkataba uandikwe, na kabla hujatoa senti, pita kwa mjumbe au ofisi ya mtaa uulize nyumba ile ni ya nani. Waulize majirani wawili au watatu, na usiende na dalali unapowauliza. Nenda mara mbili, mchana na usiku. Na kabla ya kuzungushwa, patana na dalali wako kwamba ujira ni kiasi fulani cha fedha, si kodi ya mwezi. Nimewajaribu kwa hilo. Wengi walikasirika, wawili walikubali, na hao wawili ndio walioniombea kodi ipunguzwe.

Kwa wenye nyumba nina neno moja. Mpangaji anayelipa kila miezi mitatu kwa miaka tisa amekuletea fedha nyingi kuliko watatu wanaolipa mwaka mzima na kukuachia milango imeng'oka. Akija mtu kukunong'oneza juu ya laki moja ya ziada, mwulize kwanza yeye anapata ngapi.

Na kwenu madalali, najua mnanisikiliza, maana redio hazikosekani vijiweni. Watu wanawaamini kwa jambo kubwa kuliko mnavyodhani: mahali mtoto atakapofanyia masomo yake, na mahali mzee atakapolala salama mvua ikinyesha. Kabla ya kufungua mlango wa nyumba yoyote, jiulize kama ungemleta mama yako ndani yake.

Nawatakia juma jema.