Breki za ABS na mguu wa dereva

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwenye semina ya kamati za usharika, Kizimkazi, Unguja)



Kwa kawaida mtu akisimama hapa huanza kwa kumshukuru Mungu kwa kutufikisha salama. Leo shukrani hiyo si ya mazoea. Wote mnajua kuwa gari la mradi liko kwa fundi, na muuguzi wetu mmoja bado amefungwa hogo la mkono. Kamati imenitaka nijibu swali moja mbele yenu: gari lile lilikuwa na breki za ABS, na wafadhili waliongeza fedha ili tupate gari la namna hiyo. Imekuwaje likagonga mnazi?

Ilikuwa wakati wa masika, baada ya kupita Muyuni kuja huku. Mvua ilikuwa imeleta mchanga juu ya lami. Mbuzi wawili wakakatisha barabara, na nyuma yao mtoto. Dereva wetu akakanyaga breki kwa nguvu zote, na hapo alifanya sawa. Pedali ikaanza kumpigapiga mguu na sauti ya kukoroma ikasikika chini. Akadhani breki zimekatika, akaondoa mguu. Kilichobaki ilikuwa ni usukani tu. Alimkwepa mtoto, namshukuru Mungu, akaukuta mnazi.

Ndugu zangu, ule mtikisiko haukuwa ubovu. Ndiyo ABS yenyewe ikifanya kazi. Tairi likitaka kujifunga, kompyuta huliachia na kulibana tena mara nyingi kwa sekunde moja, ili lisiserereke na dereva aendelee kulielekeza gari. Dereva anatakiwa abaki amekanyaga hadi mwisho, asipampu, huku akikata usukani kuelekea penye nafasi. Dereva wetu ana miaka ishirini barabarani, na miaka yote hiyo amejua kupampu. Hakuna aliyemwambia vingine. Kitabu cha gari kilikuja kwa Kijapani, nikakiweka kabatini mimi mwenyewe. Kwa hiyo nawaomba wanaomsema dereva kwenye vikao vya pembeni waanze kunisema mimi.

Kuna jambo la pili ambalo wauza magari hawalitaji. Juu ya mchanga au kifusi, ABS inaweza kulifanya gari lichukue umbali mrefu zaidi kusimama. Tairi lililojifunga huchimba na kukusanya mchanga mbele yake, na mchanga huo husaidia kulizuia. Tairi linaloachiwa na ABS halikusanyi kitu. Unapata usukani, unapoteza mita kadhaa. Barabara zetu za kuingia vijijini mnazijua.

Je, vifaa hivi havina maana? Hapana, ila visichanganywe. ABS ilianza kuuzwa kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978. Miaka ya 1980, huko Munich, Ujerumani, walilinganisha teksi zenye ABS na zisizo nayo kwa miaka mitatu. Ajali hazikupungua. Madereva waliojua wana ABS walianza kukata kona kwa kasi na kumkaribia aliye mbele. Usalama walioongezewa waliutumia kuendesha vibaya zaidi.

Mfumo wa kuzuia gari kupoteza mwelekeo, ambao Toyota huuita VSC, ni habari nyingine. Huu ulianza mwaka 1995. Gari likianza kwenda kombo, kompyuta hufunga breki ya tairi moja tu ili kulirudisha kwenye njia. Uchunguzi uliofanywa Marekani ulionyesha kuwa ajali za vifo za gari peke yake, kama kuacha njia au kupinduka, zilipungua kwa takriban nusu. Ulaya wakaulazimisha kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Gari letu halikuwa na mfumo huu. Ningependa lijalo liwe nao, na hilo nawaambia wafadhili bila kuona haya.

Lakini mfumo huo nao unategemea tairi kushika barabara. Tairi likiisha kipara, kompyuta haina cha kushika. Na mwendo ukitoka kilomita 40 kwenda 80 kwa saa, umbali wa kufunga breki unakuwa mara nne, uwe na kompyuta au usiwe nayo. Pale Jozani hawakungoja magari yenye akili; waliweka matuta, na kima punju waliokuwa wakigongwa wakapungua. Wakati mwingine najiuliza kwa nini kima wapate matuta kabla ya baadhi ya shule zetu.

Pia magari yetu ni ya mitumba. Taa ya ABS ikiwaka na kubaki inawaka, mfumo umezimika, umebakiwa na breki za kawaida. Ukiwasha swichi na taa hiyo isionekane kabisa, shuku kuwa kuna mtu ameing'oa balbu ili akuuzie.

Manahodha wa hapa Kizimkazi wanaopeleka wageni kuangalia pomboo wana mashine siku hizi. Nilimuuliza mzee mmoja asubuhi hii kama bado anatazama wingu kabla ya kutoka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama bado anakula.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Bajeti ya gari iwe na kifungu cha matairi, kisichohamishwa kwenda posho za vikao. Mtakaponunua gari, fundi wetu aangalie zile taa kabla fedha hazijatoka. Na Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, madereva wote wa miradi wafike uwanja wa mpira na magari yao. Tutamwaga maji na mchanga, na kila mmoja atakanyaga breki hadi mwisho mara tatu, aizoee ile pedali ikimpiga mguu. Dereva wetu amekubali kuwa wa kwanza.