Manjano, Chokaa na Ndimu



Tumeombwa tuwaambie vijana machache juu ya kemia. Sisi ni wafanyabiashara, na shule yetu ilikomea sekondari. Basi tutasema juu ya bidhaa tuliyoipima kwa mizani tangu utotoni, nayo ni manjano.

Kila mama ameliona jambo hili: nguo nyeupe yenye doa la mchuzi ikipakwa sabuni, doa la njano hugeuka jekundu. Si uchafu ulioongezeka. Sabuni ni alkali, na rangi iliyomo ndani ya manjano, iitwayo kurkumini, ni kiashiria. Penye asidi hubaki njano. Kipimo cha pH kikikaribia 8 na kupita, alkali huinyang'anya molekuli haidrojeni yake. Molekuli hiyo huanza kumeza mwanga wa namna nyingine, nasi twaiona nyekundu. Itieni ndimu, nayo hurudishiwa haidrojeni, ikawa njano kama awali. Karatasi ya litimasi ya shuleni hufuata kanuni iyo hiyo, ila yake huwa nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye alkali.

Bibi zetu hawakuijua pH, lakini kumkum waliitengeneza kwa manjano na chokaa, ile ile ya kutafunia tambuu. Wekundu wa chandlo katika paji la uso ulikuwa ni manjano yaliyokutana na alkali.

Mwaka mmoja, Diwali ikikaribia, tulinunua kwa jumla kumkum ya bei nafuu, tukaiuza. Akina mama kadhaa walirudi wakilalamika kuwashwa usoni. Mzee wetu dukani akaikamulia ndimu, haikugeuka. Ilikuwa rangi ya kiwandani. Waliorudi tuliwarejeshea fedha zao. Wengine hatukuwatafuta, na jambo hilo lingali latukera hadi leo. Ndimu nayo, tuseme kweli, huonyesha tu kama wekundu watokana na manjano. Haisemi rangi nyingine ni kitu gani, wala kama ina sumu.

Leo tumeweka meza pale mnapovulia viatu, yenye visahani vyeupe, maji na ndimu. Aliye na kumkum nyumbani na ailete, hata kama aliinunua kwetu.